Bunduki ya Gumegume: Kwa Nini Hugoma, na Namna ya Kuisafisha Ilie

Mwaka 1834 huko Woolwich, Uingereza, bunduki za aina mbili zilipambanishwa: za gumegume, zinazowashwa kwa jiwe linalokwaruza chuma, ambazo jeshi lilikuwa limezitumia kwa zaidi ya karne moja, na za fataki, zinazowashwa kwa kikopo chenye kemikali ya kulipuka, zilizokuwa bado ngeni. Kila aina ilipigwa mara 6,000, katika hali ya hewa ya kila namna. Za fataki ziligoma mara 36. Za gumegume ziligoma mara 922, yaani karibu moja katika kila sita au saba.

Hesabu hiyo imerudiwa mno hata watu wakaamini kwamba gumegume ni bunduki ya kubahatisha: unavuta triga, kisha unangoja kuona kama leo imekubali. Lakini zile zilikuwa bunduki za askari, zilizotengenezwa kwa wingi, zikapigwa juani na mvuani. Gumegume nzuri, mikononi mwa mtu anayeijua, siku isiyo na mvua, hulia mfululizo bila matata, na kutoka jiwe kugonga chuma hadi mlio hupita muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Jimbo la Pennsylvania, Marekani, mpaka leo lina msimu wa kuwinda kulungu kwa gumegume peke yake. Wawindaji wasingeubeba mzigo huo msituni kama ungewagomea kila mara ya sita. Inapogoma, sababu ni chache na zinajulikana, na nyingi kati yake ni uchafu, mafuta au unyevu uliokaa mahali ambapo moto unapaswa kupita.

Kwa hiyo kuisafisha gumegume si kuing'arisha. Ni kuufungulia moto njia. Mtu asiyeijua njia hiyo anaweza kuipaka bunduki yake mafuta kwa bidii usiku kucha, na asubuhi akaikuta ni mbovu kuliko jana.

Majina kwanza

Gobori ni bunduki yoyote inayoshindiliwa kupitia mdomo wa mtutu: baruti inatangulia, risasi inafuata, vyote vinasukumwa hadi chini kwa mdeki. Magobori yako ya namna nyingi, na hapo ndipo wengi wanapochanganya. Gobori la fataki lina chuchu ya chuma inayovishwa kikopo kidogo cha shaba chenye kemikali ya kulipuka. Gumegume haina fataki. Moto wake unatokana na jiwe gumu linalokwaruza chuma. Ikiwa ndani ya mtutu kuna mifereji ya kuizungusha risasi, hiyo ni raifali. Katika kuwasha moto, raifali na bunduki ya mtutu laini hazitofautiani, ila mifereji inaficha uchafu zaidi.

Sehemu zinazotuhusu si nyingi. Nyundo ni mkono uliopinda wenye taya mbili, na katikati ya taya limebanwa jiwe. Mbele ya nyundo limesimama bamba, kipande cha chuma kigumu kilichopinda, ambacho mguu wake ndio kifuniko cha kifa. Kifa ni kibakuli kidogo kilicho ubavuni mwa mtutu, kinachowekwa baruti kidogo ya kuwashia. Kati ya kifa na ndani ya mtutu kuna tundu la moto. Vyote hivyo, pamoja na springi na vyuma vya ndani vinavyoishika nyundo, vimefungwa kwenye kibati kimoja kinachoitwa mtambo, nao umeshikwa na mti wa bunduki kwa skrubu moja au mbili. Nyundo ina vituo viwili: nusu, ambapo triga haipaswi kuifyatua, na kamili, ambapo iko tayari.

Cheche ni za chuma

Kosa la kwanza la kurekebisha ni lile la kudhani kwamba jiwe ndilo linalotoa cheche. Tazama fundi anapokata nondo kwa mashine ya kusagia: jiwe linazunguka, lakini zile nyota zinazoruka ni vipande vya nondo yenyewe, vidogo mno na vyenye joto kali kiasi cha kuwaka hewani. Gumegume inafanya vivyo hivyo. Jiwe linalichuna bamba, na machicha ya chuma yanadondokea kifani yakiwa yanawaka. Jiwe linahitajika liwe gumu na lenye makali. Bamba linahitajika liwe chuma chenye kaboni ya kutosha, kilichokazwa kwa moto. Bamba laini halitoi cheche za maana hata ukilipigia jiwe bora kuliko yote. Ukitaka kulipima, pitisha tupa ukingoni mwake, si usoni. Tupa ikiteleza kama kwenye kioo, bamba ni gumu. Ikila, bamba linahitaji kukazwa upya na fundi.

Jiwe halishikwi na taya likiwa tupu. Hufungwa kwa kipande cha ngozi, au kwa bati jembamba la madini ya risasi kama walivyofanya askari wengi wa zamani. Kwa raifali ngozi inatosha, na ndiyo salama kwa chuma cha nyundo. Kitambaa hakifai, kwa sababu kinaweza kushika cheche na kubaki kikifuka moshi karibu na baruti.

Kulipanga jiwe kunahitaji utulivu kuliko nguvu. Hakikisha kwanza bunduki haina kitu ndani. Weka nyundo kituo cha nusu, funga bamba juu ya kifa kitupu, kisha sogeza jiwe hadi makali yake yabakize nafasi ya milimita 2 hivi kabla ya kuligusa bamba. Makali yawe sambamba na uso wa bamba kuanzia upande huu hadi ule. Kaza skrubu ya taya. Sasa ishike nyundo kwa kidole gumba, ivute hadi kituo kamili, vuta triga, na uiteremshe polepole huku ukitazama: jiwe lisiguse ubavu wa mtutu, na likifika mwisho wa safari makali yake yaelekee kifani. Jiwe linapaswa kulipata bamba kwenye theluthi mbili za urefu wake, ukipima kutoka chini. Likigonga chini mno, ligeuze juu chini. Ubapa wake uliochongwa mteremko ukibadili upande, makali yatapanda au kushuka.

Baada ya kufyatua mara chache, bamba lenyewe litakueleza. Mikwaruzo myembamba, iliyosambaa kwa upana wote na kushuka hadi karibu na kifa, ni dalili njema. Mikwaruzo ikiwa upande mmoja tu, jiwe limekaa mshazari. Ukiona mashimo mahali pamoja, jiwe linagonga badala ya kukwaruza, na kila pigo linaharibu vitu viwili kwa wakati mmoja. Rangi ya cheche pia inasema kitu. Ukifyatua gizani kifa kikiwa kitupu, cheche nzuri ni za njano kuelekea nyeupe, nazo hurukaruka zikifika kifani. Cheche chache nyekundu zinazozimika hewani maana yake ni jiwe butu, bamba laini, au, kwa kawaida kabisa, bamba lenye mafuta.

Jiwe moja huweza kupiga kati ya mara 20 na 50 hivi, mara nyingine zaidi. Inategemea jiwe, springi na namna lilivyopangwa. Likianza kufifia halina haja ya kutupwa. Kwa kijiti cha shaba unaweza kuyabanja makali yake kwa kugonga au kusukuma vipande vidogo vidogo vibanduke kutoka chini. Vaa miwani ya kukinga macho, kwa sababu chembe zake hukata kama wembe.

Kifa

Kifani kinahitajika kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Gramu 0.2 ya baruti laini inatosha, yaani kama theluthi hadi nusu ya kifa cha kawaida. Kifa kikijazwa hadi juu, bamba halifungi vizuri, baruti inamwagika, unyevu unapata pa kuingilia, na mpigaji anapata mwako mkubwa karibu na jicho bila faida yoyote.

Baruti ya kifani ni ya chembe ndogo kuliko ile ya mtutuni, kwa sababu chembe ndogo hushika cheche upesi. Kwenye pakiti za baruti nyeusi, kadiri herufi F zinavyoongezeka ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo: yenye F mbili au tatu ni ya mtutuni, yenye F nne ni ya kifani. Hapa kuna mtego mmoja. Zipo baruti mbadala zilizotengenezwa ziwe rahisi kusafisha au kusafirisha, na nyingi kati yake zinataka joto kubwa zaidi ili ziwake. Kwenye gobori la fataki zinafanya kazi bila shida. Kwenye gumegume ndizo chanzo cha malalamiko ambayo hakuna usafi utakaoyatibu. Gumegume inataka baruti nyeusi halisi.

Na baruti iliyolowa haiponi kwa kukaushwa. Shura iliyomo, ile chumvi ambayo ndiyo sehemu kubwa ya baruti, huyeyuka kwenye maji, na ikikauka hujitenga na wenzake, mchanganyiko ukawa si ule tena. Ifute, itupe, weka nyingine.

Tundu la moto, penye maneno mengi

Kipenyo cha kawaida cha tundu ni milimita 1.6 hadi 1.8. Ni kijitundu kisichopita hata njiti ya kiberiti, na bado ndicho kinachoamua kama bunduki italia. Kinachopita pale si cheche. Ni joto la mwako wa kifani, linaloruka moja kwa moja hadi kwenye baruti iliyo ndani. Njia ikiwa wazi, kuruka huko hakuonekani wala hakusikiki. Mwako na mlio vinakuwa kitu kimoja. Tundu likiwa limejaa baruti, joto haliruki tena. Linabidi liunguze chembe moja baada ya nyingine hadi lifike ndani, na mpigaji anasikia fsss ndipo mlio unafuata. Kuchelewa huko kunatosha kumfanya atikisike na kukosa shabaha.

Ndiyo maana kila anayejua gumegume anatembea na sindano ya tundu, waya mwembamba wa shaba. Ukishashindilia, ipitishe ndani ya tundu na uichomoe. Inasukuma chembe zilizoziba na kuacha kijishimo kwenye baruti ya ndani, joto likapata uso wa kushika. Sindano ya chuma kigumu si nzuri, kwa kuwa inalipanua tundu kidogo kidogo. Wengine huweka unyoya wa ndege tunduni kabla ya kumimina baruti na kuuchomoa baadaye. Ni njia nzuri, mradi usisahau kuuchomoa.

Utasikia pia kwamba baruti ya kifani iwekwe mbali na tundu, upande wa nje wa kifa, ili isilizibe. Ushauri huo umechanganya mambo mawili. Kuziba ndiko kunakochelewesha, si ukaribu. Mwako ukiwa jirani na tundu joto linafika upesi zaidi, ilimradi tundu lenyewe libaki tupu. Hivyo acha baruti ikae kifani ilivyo, hakikisha haijapanda ikaingia tunduni, na usijisumbue kuitikisa bunduki ubavu kila unapotia.

Raifali nyingi za siku hizi zina kijibomba kilichofungwa kwa hesi mahali pa tundu, ambacho kwa ndani kimepanuliwa mithili ya faneli. Kwa upanuzi huo baruti ya ndani inasogea karibu na nje na safari ya joto inafupika. Lakini faneli hiyo inakamata uchafu pia, na uchafu wake hauonekani ukitazama kwa nje.

Ukoko wa baruti

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura asilimia 75 hivi, makaa 15 na kiberiti cha unga (salfa) 10. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Inabaki kuwa yabisi. Sehemu yake ni ule moshi mweupe, na sehemu inaganda ndani ya mtutu, tunduni, kifani, usoni mwa bamba na juu ya jiwe. Ukoko huo umejaa chumvichumvi zinazovuta maji kutoka hewani. Siku kavu unakaa kama vumbi gumu. Siku yenye unyevu mwingi, kifa kilichopigwa sasa hivi kinaweza kugeuka tope jeusi ndani ya dakika chache, na baruti mpya unayoimwagia juu yake inalowa kabla hujalenga. Chumvi hizo hizo zikiachwa zinaleta kutu. Mtutu uliolala mchafu usiku mmoja katika hewa yenye unyevu unaweza kuamka una rangi ya kahawia.

Kwa kuwa uchafu huu ni chumvi, dawa yake ni maji. Watu waliozoea bunduki za kisasa hukimbilia mafuta na vimumunyisho vya madukani, kwa imani kwamba maji na chuma ni maadui. Kwa bunduki za kisasa wana hoja. Kwa baruti nyeusi, mafuta ya petroli hayayeyushi chumvi hata kidogo. Yanachanganyika nayo na kuwa kitu kama lami, na chini ya lami hiyo kutu inaendelea na kazi yake. Maji kwanza, mafuta baadaye, na katikati yake ukavu kamili.

Maji yawe ya uvuguvugu. Wapo wanaosifia maji yanayochemka, eti chuma kikipata moto kinajikausha chenyewe. Kinajikausha kweli, lakini kwa joto lile mtutu usio na mafuta unapata kutu nyembamba papo hapo, na fundi anadhani ni uchafu aliousahau.

Kuosha

Osha siku ile ile uliyopiga. Anza kwa kuhakikisha mtutu ni mtupu: teremsha mdeki hadi mwisho, weka alama ya kidole mdomoni mwa mtutu, uchomoe na uulaze kwa nje. Ncha yake ifike usawa wa tundu la moto. Ikiishia kabla ya hapo kwa urefu wa kidole au zaidi, kuna kitu ndani. Kisha ondoa jiwe.

Toa mtambo. Nyundo iwe kituo cha nusu. Legeza skrubu zake mizunguko miwili mitatu, halafu gonga vichwa vyake taratibu kwa mpini wa bisibisi. Mtambo utasukumwa nje kutoka upande wa pili. Kuubetua kwa ncha ya bisibisi ukingoni ndiko kunakovunja mti, na bunduki nyingi za kale zina pengo pale pale. Mtutu ulioshikwa kwa kabari na ndoana unatoka kirahisi, basi utoe. Ulioshikwa kwa pini uache mahali pake. Kung'oa pini kila mara kunapanua matundu yake kwenye mti.

Mtutu uliotolewa unasafika vizuri kuliko wote: simamisha upande wa tundu ndani ya ndoo yenye maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo, tia mdeki wenye kitambaa kilicholowa, na uvute juu na chini. Maji yanaingia na kutoka kwa nguvu kupitia tundu lenyewe, na kile kilichojificha kwenye faneli kinatoka nayo. Usiotolewa, ziba tundu kwa kijiti cha meno, zungushia kitambaa maji yasifike kwenye mti, jaza mtutu, subiri dakika tano, ziba mdomo kwa kidole, utikise, umwage. Maji ya kwanza yatatoka meusi na yenye harufu ya mayai yaliyooza. Hicho ni kiberiti. Rudia hadi yatoke safi.

Hapo wengi huona wamemaliza, kumbe sehemu inayohusika na mlio bado. Kichwa cha mdeki ni duara, na kizibo kilichofunga mwisho wa mtutu ni bapa, hivyo pembeni inabaki pete ya ukoko ambayo kitambaa hakiifikii. Pete hiyo iko usawa wa tundu la moto. Inatakiwa kikwaruzio bapa kinachofungwa kwenye ncha ya mdeki, kizungushwe taratibu, ndipo usuuze tena. Raifali nyingine za kiwandani zina chumba cha baruti chembamba kuliko mtutu wenyewe. Hizo zinahitaji brashi ndogo zaidi, la sivyo unasafisha mtutu wote isipokuwa mahali panapowaka. Kama raifali inalia vizuri mapigo matano ya kwanza kisha inaanza kusitasita, pachunguze hapo kabla ya kulaumu jiwe.

Pitisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke kikavu kabisa, halafu kimoja chenye spiriti kufukuza maji yaliyobaki. Pitisha waya laini uliovikwa pamba ndani ya tundu. Mwisho, kitambaa chenye mafuta kidogo, cha kuacha utando tu. Simamisha bunduki mdomo ukiwa chini juu ya kitambaa, ili mafuta ya ziada yatoke nje. Ikisimama kwa kitako, mafuta yanateremka hadi chumba cha baruti na tunduni, na hiyo ndiyo ile bunduki iliyosafishwa sana inayogoma pigo la kwanza.

Kesho yake pitisha kitambaa cheupe. Mstari mweusi maana yake chumvi imebaki. Rudi kwenye maji. Ukahawia ni kutu changa. Sugua, kausha, paka upya.

Mtambo

Mtambo hauna haja ya kufunguliwa vipande kila baada ya kupiga. Usugue kwa mswaki na maji ya sabuni, nje na ndani, usuuze, ukaushe, utie spiriti kwenye pembe. Springi kuu inahitaji kibanio chake maalumu kuitoa. Koleo la kawaida linaikwaruza, na springi huvunjika kuanzia penye mkwaruzo. Usiufyatue mtambo ukiwa nje ya bunduki.

Mafuta yanakwenda mahali vyuma vinaposuguana, tone moja kwa ncha ya sindano: ekseli ya nyundo, sehemu inayoishikilia nyundo inapokutana na vituo vyake, ncha ya springi kuu, ekseli ya bamba na pale bamba linapoteleza juu ya springi yake. Uso wa bamba, jiwe na kifa havipati mafuta siku ya kupiga. Kwa kuhifadhi unaweza kulifuta bamba kwa kitambaa chenye mafuta, ukikumbuka kuyaondoa. Kabla ya kuurudisha mtambo, futa vumbi jeusi lililo kwenye tundu lake ndani ya mti. Nalo ni ukoko, nalo linavuta unyevu.

Siku ya kupiga

Toa mafuta mtutuni kwa kitambaa kikavu, kisha chenye spiriti, kisha kikavu tena. Futa bamba, jiwe na kifa kwa spiriti. Choma tundu kwa sindano. Kisha, bunduki ikiwa haijashindiliwa na imeelekea mahali salama, washa kifa peke yake mara moja. Mwako huo unakausha tundu.

Unaposhindilia, kifa kiwe kitupu na bamba liwe wazi. Mimina baruti kutoka kwenye kipimo, kamwe si moja kwa moja kutoka kwenye pembe au chupa ya kuhifadhia baruti, kwa kuwa kaa dogo lililobaki mtutuni linaweza kuwasha chombo kizima kilicho mkononi. Baruti ya kifani inawekwa mwisho, ukiwa umeshaelekea shabaha.

Baada ya kila pigo, futa makali ya jiwe, uso wa bamba na kifa, na upitishe sindano. Inachukua sekunde chache, na inazuia migomo mingi kuliko jambo lingine lolote katika makala haya. Mtutu nao ufutwe kila baada ya mapigo machache kwa kitambaa chenye unyevunyevu, si kinachotiririka. Kichwa cha mdeki kiwe chembamba kidogo, ili kitambaa kishuke juu ya ukoko na kuukusanya kinapopanda. Kinachobana sana kinausukuma wote chini hadi tunduni.

Ikigoma, bunduki ibaki imeelekea shabaha kwa dakika nzima, kwa sababu moto unaweza kuwa bado unatambaa ndani. Halafu soma kilichotokea. Hapakuwa na cheche: jiwe au bamba. Cheche zilikuwepo lakini kifa hakikushika: baruti ya kifani imelowa, au cheche zinadondokea pembeni. Kifa kiliwaka na mtutu ukanyamaza: tundu limeziba, kuna mafuta ndani, au, na hili huwapata hata wakongwe, risasi imeshindiliwa bila baruti. Kwa hali hii ya mwisho, tia chembe za baruti ya kifani kupitia tundu kwa sindano hadi zisiingie zaidi, sukuma risasi kwa mdeki kuhakikisha imekaa chini, weka kifani, upige. Usipoona dalili ya kufanikiwa, mimina maji kupitia tundu na uyaache yaloweshe kila kitu kabla ya kufunga skrubu ya kung'olea risasi kwenye mdeki.

Mvua haiizuii gumegume kabisa. Nta au shahamu kidogo ukingoni mwa kifa, kifuniko cha ngozi juu ya mtambo, na kubadilisha baruti ya kifani mara kwa mara hata kama hujapiga, vinasaidia sana. Bunduki iliyotoka kwenye baridi ikaingizwa chumba chenye joto inatoka jasho kama ilivyo kwa miwani, na jasho hilo linatokea ndani ya mtutu vilevile.

Vipo vitu ambavyo usafi hauvirekebishi. Tundu lililotanuka kupita milimita 2 linapumua nje nguvu ya baruti na kurusha moto kwa aliyesimama kando. Kijibomba chake kibadilishwe. Bamba huchakaa hadi safu yake ngumu ikaisha na cheche zikapungua kwa jiwe lolote. Kituo cha nusu kinachoteleza ukivuta triga ni hatari, na bunduki hiyo isishindiliwe hadi fundi aifanyie kazi. Na bunduki ya kale ambayo haijulikani historia yake ichunguzwe kwanza kwa mdeki: si ajabu kuikuta ina baruti na risasi iliyotiwa na mtu aliyekwisha kufa zamani, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haipotezi nguvu zake.